Bustani Moja, Mifuko Miwili ya Udongo

Kwa misimu mitatu mfululizo mboga za tuta lililo karibu na jiko langu, hapa Morogoro, zilikuwa zikitoa majani machanga ya manjano yenye mishipa ya kijani, nami kila mara niliyajibu kwa dawa niliyoirithi kwa mama yangu: ndoo ya majivu ya mkaa, na juu yake kiganja cha urea. Jirani alisema udongo umechoka. Bwana shamba aliyepita siku moja hakumbishia wala hakumkubalia. Aliniambia tu kwamba udongo haupimwi kwa macho, niupeleke maabara.

Nikachota udongo kidogo kwenye tuta la jikoni, nikachota mwingine kwenye matuta ya chini karibu na migomba, nikauchanganya wote katika mfuko mmoja, nikiamini kwamba nimeiwakilisha bustani nzima kwa haki. Kijana aliyepokea sampuli, baada ya kuniamkia, aliuliza swali moja: "Mama, sehemu hizi mbili unazitunza sawasawa?" Sizitunzi sawasawa hata kidogo, kwa kuwa ile ya juu hupata majivu na samadi ya kuku mwaka mzima, na ile ya chini hupata mvua na majani ya migomba basi. Akanirudishia mfuko wangu kwa adabu, akanieleza kwamba maabara itapima kwa uaminifu chochote itakacholetewa, lakini jibu la udongo uliochanganywa hivyo lingekuwa la bustani ambayo haipo.

Nilirudi nyumbani nikaanza upya. Katika kila sehemu nilitembea kwa mwendo wa kukata kona huku na huku, nikachagua mahali kumi na tano, nikaepuka njia za miguu, kichuguu na pale ninapolundika samadi. Kila mahali nilipangua takataka za juu, nikachimba shimo la sentimita 20, kisha nikakata kipande chembamba cha ubavu wa shimo kuanzia juu hadi chini, kwa sababu anayekwangua udongo wa juu peke yake hupima mbolea ya juzi, si makazi ya mizizi. Ndoo ilikuwa ya plastiki, maana ya mabati huweza kuacha zinki katika sampuli. Udongo wa sehemu moja niliuchanganya vizuri, nikaugawa mafungu manne, nikatupa mawili yanayotazamana, nikarudia hivyo mpaka ikabaki kama nusu kilo, nikauanika kivulini juu ya karatasi safi. Ni kazi ya asubuhi moja, nayo, kwa maoni yangu, ndiyo nusu ya kipimo chenyewe.

Majibu yalipotoka, tuta la jikoni lilikuwa na pH (kipimo cha uchachu, ambacho chini ya 7 ni tindikali na juu yake ni alkali) ya 7.9, na matuta ya chini 5.3. Tarakimu hizo zinaonekana kukaribiana kwa mtu asiyezizoea, ila kila hatua moja ya pH ni tofauti ya mara kumi ya uchachu, na mboga nyingi hupendelea kati ya 6 na 7. Hata fosforasi, kirutubisho cha mimea, haikupimwa kwa njia moja: kwa udongo wenye tindikali maabara ilitumia njia ya Bray, na kwa ule wa alkali njia ya Olsen. Huko jikoni fosforasi ilikuwa imejaa kupita mahitaji, shukrani kwa kuku wangu. Umanjano haukuwa njaa ya mbolea. Madini ya chuma yalikuwemo udongoni, lakini katika hali ya alkali mizizi haiwezi kuyachukua kwa urahisi, na kila ndoo ya majivu niliyomwaga ilizidi kuyafunga. Urea nayo, ikiachwa juu ya udongo wa namna hiyo, sehemu yake hupotea hewani ikiwa gesi ya amonia. Nilikuwa nanunua hewa.

Kwa matuta ya chini nilishauriwa kuweka chokaa ya kilimo, kuichanganya na udongo miezi kadhaa kabla ya kupanda, na kutoiweka siku moja na samadi wala urea. Kiasi kilitajwa kwa kuangalia pia kwamba udongo ule ni wa mfinyanzi, kwa kuwa mfinyanzi huhitaji chokaa nyingi kuliko kichanga ili pH ipande kiasi kilekile. Niliuliza kama majivu yangu yanaweza kusaidia huko, nikajibiwa kwamba yanaweza, mradi yawe kidogo na yahesabiwe pamoja na chokaa.

Basi ndoo ya majivu siku hizi inapita tuta la jikoni bila kusimama, inateremka hadi kwenye migomba. Jikoni nimeweka mboji peke yake, na mwakani, mwezi uleule, nitachukua tena mifuko miwili.