Mafuta yaliyoshindwa kwenye kilovolti 18

Leo nimepima mafuta ya transfoma moja ya zamani, yale yanayozuia umeme usiruke ndani yake. Kwa macho yalikuwa safi kabisa, rangi ya chai iliyozimuliwa. Nikayamimina kwenye kikombe cha mashine, katikati ya vichwa viwili vya shaba vilivyoachana milimita 2.5, nikaanza kupandisha umeme taratibu. Mafuta mapya makavu huvumilia hata kilovolti 50 na zaidi. Haya yalifika 18 tu. Pa! Cheche ikapita, mashine ikajizima. Nikarudia mara tano, na majibu yakawa yale yale.

Adui ni maji, tena kidogo mno, usiyoweza kuyaona. Nyuzi za karatasi inayofunika nyaya za transfoma, zinazoelea ndani ya mafuta, hulowa, kisha uga wa umeme huzivuta na kuzipanga mstari toka kichwa kimoja hadi kingine, kama daraja. Hapo umeme umepata njia.

Hewani mambo huenda vingine. Hewa kavu huhimili takriban kilovolti 3 kwa kila milimita. Ukizidisha, elektroni chache zilizo huru hukimbia kwa nguvu, hugonga molekuli na kung'oa elektroni nyingine, nazo hugonga nyingine. Hewa hupona baada ya cheche. Plastiki ikitobolewa haiponi, alama ya mkaa hubaki humo.

Transfoma hii inalisha wodi ya wazazi. Nimeomba izimwe Jumamosi, jenereta iwe tayari, tuyachuje mafuta na kuyakausha. Sitaki kusubiri mvua zianze.