Ukuta Uliobomoka wa Taormina

Treni kutoka Catania, kisiwani Sicily, Italia, ilichukua karibu saa moja, volkano ya Etna kushoto, bahari kulia. Ukishuka stesheni ya Taormina-Giardini uko ufukweni kabisa, lakini mji wenyewe umekaa juu kilimani, mita kama 200 kutoka usawa wa bahari, na basi hupanda kona baada ya kona. Nilishukia karibu na lango la Porta Messina, nikafuata umati hadi kwenye ukumbi wa kale wa maonyesho.

Nilitarajia mawe meupe, nikakutana na matofali mekundu. Wagiriki ndio walioanza kuuchonga ukumbi huu ubavuni mwa mlima katika karne ya 3 KK, na kwenye jiwe mojawapo la kukalia lilikutwa jina la Philistis, mke wa Hieron II, mfalme wa Syracuse. Ila sehemu kubwa ya kinachoonekana leo ni kazi ya Warumi, walioujenga upya karne ya 2 BK.

Nilipanda mpaka safu ya juu kabisa, nikaketi. Hapo ndipo nilipoelewa. Mgiriki alichagua mlima unaotazama bahari, na neno lake theatron maana yake ni mahali pa kutazamia. Mrumi alikuja na desturi yake: nyuma ya jukwaa akainua ukuta mrefu, wenye nguzo na zidaka kama za nyumba za mawe za Lamu. Watu wakaketi mbele ya bahari wasiione! Baadaye safu za chini ziliondolewa ili uwanja upanuke, wapiganaji wapate nafasi ya kuuana.

Halafu ukuta ukabomoka katikati. Sijawahi kushukuru ubomokaji kama siku ile. Pengoni naiona Ghuba ya Naxos, maji ya buluu iliyokolea, na juu yake Etna, zaidi ya mita 3,300, ikifuka moshi mwembamba. Kwa mapokeo, pale chini Naxos ndipo Wagiriki walipoanzisha mji wao wa kwanza Sicily, mwaka 734 KK. Mji huo uliangamizwa mwaka 403 KK, na manusura wake ni miongoni mwa waliokuja kukaa huku juu. Mtu wa enzi zile, akiwa ameketi hapa nilipo, aliweza kuonyesha kwa kidole ufuko waliposhukia wazee wake.

Mzee mmoja mwenyeji, aliyekaa jirani yangu, aliniambia kwamba Etna wao huiita pia Mongibello. Waarabu waliuteka mji huu mwaka 902, na neno lao jabal likagandana na neno la Kilatini la mlima. Nikamwambia sisi nasi tunalo: jabali.

“Jabali,” akarudia polepole, akiunyooshea mlima mkono.

Tukakaa tukiutazama moshi, mpaka walinzi walipoanza kupita safu kwa safu wakituomba tutoke.