Tone Juu ya Mto Wangu

Kila aliyepita gatini alikuwa na dawa ya boti yangu inayovuja, na dawa yenyewe ilikuwa ileile: paka silikoni.

Nikapaka. Boti ni ya matanga, faibaglasi, imepita miaka 40, na kila mvua ikinyesha tone lilianguka palepale, juu ya mto wangu wa kulalia. Nikapaka pembeni mwa dirisha. Tone. Nikalinyofoa dirisha lote, nikalirudisha kwa skrubu mpya, nikajipongeza kama fundi mkuu. Mvua iliyofuata yakaanguka matone mawili.

Nilichochelewa kuelewa ni kwamba maji hayaanguki yalipoingilia. Hupenya kwenye sitaha, yakatambaa juu ya dari ya ndani, yakatokea yanapopenda.

Basi nikageuza kazi. Niliziba kila tundu kwa utepe, hadi bomba la sinki. Mlangoni nikaweka ubao wenye tundu, nikapitisha mpira wa mashine ya kufyonza vumbi, ila nikauchomeka upande wa kutolea hewa. Boti ikajaa upepo taratibu. Nikapanda juu na brashi na ndoo ya maji ya sabuni, nikapaka sitaha nzima huku wapita njia wakidhani naiogesha. Dirisha nililolilaani miezi mitatu: kimya, hata povu moja. Karibu mita mbili mbele yake, chini ya nguzo ya reli ya ukingoni, mapovu yakachemka kama chungu. Mengine yakatoka pale kipande cha chuma kinachoshika waya wa mlingoti kinapopita kwenye sitaha. Nilicheka peke yangu.

Nikagonga hapo kwa mpini wa bisibisi. Penye uzima panalia kavu, penye kuoza panalia kama boga. Ndani ya sitaha kuna balsa, mbao nyepesi sana, na yangu ilikuwa kama majani ya chai yaliyochujwa. Nikakata, nikatoa, nikakausha, nikajaza upya. (Usikate faibaglasi ukiwa na kaptura. Nilijikuna siku nne.)

Matundu ya bolti niliyatoboa makubwa kuliko yanavyotakiwa, nikayajaza epoksi, gundi inayokauka ikawa ngumu, ikakauka, ndipo nikatoboa tena kwa kipimo chake. Maji yakipenya siku moja yatakuta epoksi, si balsa. Mdomo wa tundu nikaupanua kidogo, nikazungushia bolti utepe wa butili, mpira laini unaonata. Kisha unakaza nati kutoka chini. Bolti yenyewe isizunguke, la sivyo unauchana utepe. Sina msaidizi, kwa hiyo nilibana kichwa cha bolti kwa koleo la kujifunga, mpini ukaegemea nguzo, nikateremka kukaza. Kidogo leo, kidogo kesho.

Kile chuma cha mlingoti nilipokichomoa kilikuwa na ufa wa rangi ya kahawia pale kilipojificha ndani ya sitaha. Chuma cha pua kikikaa kwenye maji bila hewa huliwa kimyakimya. Mlingoti ulikuwa umening'inia hapo! Nikabadilisha vyuma vyote vya aina hiyo.

Utepe wa butili ni wa bei ndogo. Pesa iliishia kwenye epoksi, na kwenye silikoni nisizotaka kuzihesabu. Kuikwangua silikoni hiyo ndiko kulikonichosha zaidi, maana inaacha utando usiokubali kushikwa na kitu kingine.

Mvua ya kwanza nilikesha na tochi. Pakavu. Asubuhi jirani akapita, akaniuliza safari hii nimepaka silikoni gani.