Siku moja kwenye chumba cha EEG

Saa 1:30 asubuhi nawasha mashine. Kazi yangu ni kupima mawimbi ya ubongo, EEG, na wengi wanaokuja wana kifafa. Wa kwanza kafika na mafuta kichwani ingawa aliambiwa aoshe nywele. Namrudisha bombani, vijiwaya havishiki kwenye mafuta.

Saa 3 anaingia mvulana wa miaka 11, mama yake na bibi yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, tusaidieni."

Barua ya rufaa inasema "kifafa kisichosikia dawa". Mama ana mengi zaidi: mtoto alikuwa anaongoza darasani, mwandiko ukaharibika, akawa mkali, akachapwa kwa uvivu. Akaombewa, akapelekwa kwa mganga. Halafu vikombe vikaanza kumponyoka.

Nambandika vijiwaya huku namwangalia. Kichwa kinainama ghafla, mabega yanaruka, kisha ametulia. Nahesabu. Sekunde nane, tena. Nane, tisa, tena. Kifafa cha kawaida hakirudi kwa vipindi sawa namna hii. Kwenye skrini, kila anaposhtuka linapanda wimbi kubwa, pande zote mbili za ubongo kwa pamoja.

Nimeshawahi kuyaona haya. Ni picha ya SSPE, ugonjwa unaoharibu ubongo polepole: virusi vya surua vilivyobaki ubongoni kimyakimya, dalili zikitokea mara nyingi miaka 6 hadi 10 baada ya vipele kuisha.

"Mama, aliwahi kuugua surua?"

"Hapana."

Bibi anamkatiza: "Aliugua. Wewe ulikuwa mjini, umeniachia mimi. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kukaa."

Basi hata miezi 9 ya chanjo ya kwanza hakuwa amefikisha. Hatari ni kubwa hasa kwa anayeugua kabla ya miaka miwili.

Saa 5 nampigia dokta aje kabla sijabandua. Anachoma diazepam, dawa ya kutuliza degedege, mishtuko inapungua, mawimbi yanaendelea vilevile. Picha ya CT ya ubongo waliyokuja nayo ni safi, na wapo waliorudishwa nyumbani kwa sababu hiyo. Mwanzoni picha inaweza isionyeshe kitu.

Kinachofuata ni kutoa maji ya uti wa mgongo, yapimwe kingamwili za surua. Hapo bibi anagoma: "Mtampoozesha!" Dokta anakaa naye benchini, anashika kiuno chake mwenyewe kumwonyesha sindano inapoingia, chini kabisa ya pale uti unapoishia. Inachukua karibu saa nzima. Mimi naona ndiyo kazi ngumu kuliko zote za leo.

Saa 9 sampuli imekwenda maabara. Mama ananifuata koridoni: "Au ni ile chanjo aliyochomwa baadaye?" Namwambia hapana: virusi vinavyokutwa kwenye ubongo wa wagonjwa hawa ni vya surua yenyewe, si vya chanjo. La kupona namwachia dokta. Dawa ya kuung'oa ugonjwa huu haipo. Mtoto ameandikiwa karbamazepini ya kupunguza mishtuko, na mama ameambiwa mdogo wake aletwe na kadi yake ya kliniki, ionekane kama amechanjwa.