Ubao wa kati wa dingi: maji huanzia tunduni

Jahazi lina mkuku mrefu wa kushika maji. Dingi, mashua ndogo ya tanga ya mita 4 au 5, ni bapa chini, na bila ubao wa kati, ule unaoshushwa majini kupitia sakafu yake, ukijaribu kubisha (kwenda kuelekea upepo) utaserereka demani tu, upande upepo unakoelekea. Ubao huo ukishapinda au kufumuka kingo, kuuzibaziba ni kupoteza muda. Chonga mpya.

Wengi hukimbilia plaiwudi kwa kuwa haipindi na iko dukani. Kasoro yake ni kwamba karibu nusu ya tabaka zake zimelazwa kukingama, ilhali mzigo wa ubao huu hupita kwa urefu na hulemea zaidi pale unapotokea kwenye kasha lake, yaani sanduku jembamba katikati ya chombo ambamo ubao hupanda na kushuka. Nyuzi zilizokingama hazisaidii hapo. Tena ukiichonga kingo, unafunua ncha za nyuzi za kila tabaka, nazo hunywa maji upesi. Mbao kavu zilizounganishwa zina nguvu zaidi kwa unene uleule. Mkangazi ndio chaguo langu: si mzito na unashika gundi vizuri. Mtiki unadumu sana, ila una mafuta. Upanguse kwa asetoni muda mfupi kabla ya kupaka gundi.

Tuseme ubao ni mita 1.2 kwa sentimita 35, na uwazi wa kasha ni milimita 26. Randa mbao zifike milimita 21. Faiba (kitambaa cha nyuzi za kioo) na rangi zitaongeza kama milimita 1, ibaki nafasi ya milimita 2 kila upande. Ikipungua hapo, changarawe kidogo tu za ufukweni zitaukwamisha. Pasua vipande 8 vya upana wa milimita 45, uvigeuze kwa zamu, kimoja kichwa juu kingine kichwa chini, ili kimoja kikitaka kupinda jirani yake akizuie.

Gundi ni epoksi, ya sehemu mbili: utomvu na kigumishi chake. Pima kama kopo linavyoelekeza. Ukizidisha kigumishi ili ikauke haraka, itabaki laini. Kwa joto la pwani usiiache kwenye kikombe, itachemka na kuganda mkononi. Imwage kwenye sinia pana. Ichanganye na vumbi laini la mbao mpaka iwe nzito kama siagi. Kaza klempu (vibanio) mpaka gundi ichungulie kwenye maungio, basi. Ukikaza mno utaikamua yote. Kabla haijashika, laza vijiti viwili vilivyonyooka, kimoja kila mwisho, uchungulie kwa usawa wa macho: visipolingana, ubao umejisokota, na ikishakauka hakuna randa itakayouokoa.

Sehemu inayobaki ndani ya kasha iache bapa, la sivyo ubao utayumba humo. Chini yake, viringisha ukingo wa mbele kwa umbo la nusu yai ndani ya milimita 60 za kwanza. Nyuma anza kupunguza milimita 140 kutoka ukingoni, umalizie unene wa milimita 2 au 3. Usiufanye mkali kama kisu, utamegeka. Usiuviringishe pia, kwani maji yakiuacha hutetemesha ubao mpaka ukavuma. Ukivuma, ukate ukingo huo mshazari upande mmoja.

Sasa tundu la bolti inayoshikilia ubao ndani ya kasha na ambayo ubao huizunguka ukipanda na kushuka, tundu ambalo mafundi wengi hulitoboa kwa kipimo cha bolti na kuondoka. Hapo mbao iko wazi, bolti inasugua, maji yanaingia, na mwaka haupiti sana kabla uozo haujaanza kutoka ndani kwenda nje. Kwa bolti ya milimita 12 toboa tundu la milimita 30. Paka epoksi nyepesi mara mbili ndani, kisha lijaze lote kwa epoksi nzito. Ikikauka kabisa, toboa katikati yake tundu la milimita 12 na ushee. Bolti itazunguka ndani ya pete ya epoksi bila kugusa mbao.

Mkangazi unaelea. Ubao huu ukizama una lita kama 8, na maji ya bahari yatausukuma juu kwa karibu kilo 3. Weka kilo 4 za risasi karibu na ncha ya chini. Usiyeyushe risasi na kuimimina kwenye mbao: unyevu kidogo tu huirusha usoni, na moshi wake ni sumu. Chubwi za wavuvi zinatosha. Kata dirisha la sentimita 14 kwa 20, zipange, uzimwagie epoksi kwa awamu, maana ikijaa kwa mkupuo mmoja hupata moto na kupasuka.

Funika ubao wote kwa kitambaa cha faiba cha gramu 200 kwa mita ya mraba, kikunje kupita ukingo wa mbele, kisha mikono mitatu ya epoksi. Anza alasiri mbao ikipoa. Ukipaka asubuhi jua likipanda, hewa iliyomo hutanuka na kutoka kama mapovu. Utelezi unaobaki juu uoshe kwa maji kabla ya msasa. Malizia kwa rangi, kwani jua hula epoksi.

Kabla ya kushusha chombo, ziba mwanya wa kasha kwa chini na ulijaze maji. Tone likionekana kwenye bolti, badilisha washa za mpira. Kukaza zaidi kutapasua kasha.