Ngazi za Punda Pale Sipi

Mgeni anayekuja Sipi, mashariki mwa Uganda, kutazama maporomoko matatu ya maji, lile kubwa likianguka karibu mita 100, huweza kudhani njia anayotembea ilichongwa kwa ajili yake. Hapana. Ni njia ya miguu ya wakulima, inapita katikati ya mibuni na migomba ya watu. Mimi nilikuwa naongoza wageni humo, na msimu mmoja wa kahawa nusura tuipoteze.

Vijana wa bodaboda walianza kukatiza mashambani kukwepa kona za barabara, magunia yakiwa yamefungwa nyuma. Udongo wa Mlima Elgon ni wa volkeno na mvua ikinyesha unateleza vibaya. Tairi ikipita palepale kila siku huchimba mfereji, maji ya jioni yanaingia humo, na yakishika kasi hushuka na shamba. Kwenye mteremko wa mama mmoja mfereji ulifika magotini. Alinishika mkono akaniinamisha niguse mizizi ya mbuni iliyobaki nje, inaning'inia. "Huu aliupanda marehemu baba mkwe," akasema. Nilikosa la kumjibu.

Mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, akaitisha kikao. Wengi tulitaka vigingi viwili vilivyokaribiana: mtu apite, pikipiki ikwame. Mzee mmoja akauliza, "Na punda wangu je?" Kweli, kwetu wilayani Kapchorwa punda ndiye mchukuzi, na akiwa na magunia ubavuni ni mpana kuliko pikipiki. Kijana wa boda naye akasimama: "Wazee wangu, mkinifungia njia, watoto wale nini?" Lilikuwa swali la haki, na kikao kingevunjikia hapo kama si yule mama. "Mwanangu, kahawa nitakufikishia barabarani. Ibebe kuanzia huko. Lakini shamba likiishia mtoni, utabeba nini?"

Mwenye punda ndiye aliyetoa jibu: ngazi za mawe. Punda anapanda ngazi. Pikipiki yenye mzigo haipandi.

Jumamosi tukasomba mawe. Kila ngazi ilikuwa fupi kwa kimo lakini ndefu kwenda mbele, ili mnyama aweze kusimama na miguu yote minne kabla ya kupanda inayofuata. Mzee alimpitisha punda wake juu ya kila moja, na ile aliyoigomea tuliibomoa tukaipanga upya. Kazi ngumu hasa ilikuwa maji. Tulikata mitaro ya kuyatoa njiani kila baada ya hatua chache, tukaziba ule mfereji kwa mawe na udongo, tukapanda matete kingoni yashike ardhi. Bila hayo ngazi zisingemaliza hata msimu mmoja, na nawaambia hivyo wote wanaodhani kizuizi peke yake kinatosha.

Mchana yule kijana wa boda akatokea, sururu begani. Alitaka kujua ngazi ya chini kabisa itakaa wapi, maana hapo ndipo atakapoegesha akisubiri magunia. Tukaisogeza karibu na barabara, akachimba mwenyewe.