Maunti ya bei poa imenitoa jasho

Jumamosi nimefika renji ya kulenga shabaha na baridi yote ya Nairobi, risasi tano za kwanza zikatua kila mahali, nikajilaumu weee kumbe skopu (darubini ya bunduki) inateleza ndani ya ringi za maunti, yaani kishikizo kinachoifunga kwa bunduki, imejichora kamstari keupe kwenye rangi nyeusi.

Sasa nataka maunti ya kipande kimoja, mrija wa skopu yangu ni milimita 34 so ringi lazima ziwe 34, na iwe imeinama MOA 20 (MOA moja ni sehemu ya 60 ya digrii). Hiyo si urembo, kwa mita 1000 inakuongezea karibu mita 5.8 za kupandisha kabla tareti (kile kitufe cha kuzungusha kurekebisha skopu) igonge mwisho. Wengine wanaweka 40 lakini ukizidisha unaweza kosa kuziro mita 100, yaani kuseti skopu ilenge pale risasi inatua.

Na skrubu kaza na spana ya toki (ile inapima nguvu ya kukaza) bana, si nguvu za jua kali.